Mnaoangalia muvi za kutafsiriwa, muziki wake huwa mnausikia kweli?

Ngosha_Sabufa:
Wakuu habari za jioni. Najua povu litamwagika ila acha limwagike. Watafsiri wa muvi wametulea wengi humu na mimi ni mmojawapo, nimekulia kibanda umiza tena benchi la mbele, lakini kiukweli hawa jamaa wametunyima nusu ya picha, na hiyo nusu ni muziki. Chukua Commando ya Schwarzenegger, ile ya 1985, sidhani kama kuna mtu wa rika langu hajaiona. Mimi nilikuwa naijua kwa risasi na kwa maneno ya mtafsiri, ungeniuliza ina muziki gani ningekujibu haina. Juzi nimeivuta orijino nikapiga hedifoni, aisee, kumbe mle ndani kuna yale mapipa ya chuma ya Trinidad yanayogongwa kwa vifimbo, yanalia ting ting ting mwanzo mwisho na saksafoni inakoroma juu yake, yaani steringi kaibiwa mtoto, anaua watu kama hana akili, na nyuma yake wanapiga kitu cha kuchezea ufukweni. Uchizi mtupu. Na aliyetunga ni James Horner, huyohuyo aliyekuja kutuliza na Titanic 1997 akaondoka na Oscar. Mimi mpaka sasa sijaamua kama yale mapipa nayapenda au yananikera, ila nilistahili kuyasikia nikaamua mwenyewe.

Njoo kwenye sizoni. Game of Thrones sizoni ya sita episodi ya mwisho, ile ya 2016, mwanzoni pale siku ya kesi ya malkia Cersei. Dakika kadhaa watu wanavaa nguo tu, wanafunga vifungo, wanapanda ngazi, maneno ya kuhesabu. Kinachokuburuza ni piano. Na Ramin Djawadi (ndo yuleyule wa muziki wa Prison Break) sizoni zote za nyuma hakuwahi kuweka piano kwenye ile tamthilia, kwa hiyo inapogonga mara ya kwanza sikio linashtuka kabla wewe mwenyewe hujajua kwanini, unahisi tu leo kuna jambo. Sasa nikaja kuiona hiyohiyo imetafsiriwa. Jamaa, simtaji, dakika zote zile anapiga stori! Huyu mama ana roho mbaya nyie, mcheki anavyokunywa mvinyo, subirini muone. Moto wa kijani unakuja kulipuka mimi nshachoka.

Kwa hiyo maswali mawili. Muziki wa muvi au sizoni gani umewahi kukuganda kichwani, na je uko upande wa kutafsiriwa au orijino? Nawasilisha.

Bint_Makorora:
Hoja unayo ila na dharau unayo kidogo. Mama yangu Kiingereza hajui, na hayo maandishi ya chini ya hiyo orijino yako nayo ni ya Kiingereza, tena yanakimbia. Bila mtafsiri yeye anakaa pale anaangalia wazungu wanachezesha midomo. Akiwekewa ya kutafsiriwa anacheka, anagombana na adui, anamwambia steringi geuka nyuma yako huyo. Sasa kati ya mama kufurahi na wewe kusikia mapipa, mimi nachagua mama, samahani.

Ila swali la kwanza nalijibu kwa moyo wote. Sholay. Picha ya 1975, mimi nimekuja kuiona kwenye deki la mjomba, mkanda umekatikakatika rangi zimeshageuka zambarau. Muziki wa R.D. Burman. Kila mtu anaujua ule wa Mehbooba Mehbooba aliouimba mwenyewe Burman kwa sauti ile ya kukwaruza, lakini mimi siusemei huo. Nasemea pale usiku, Amitabh kakaa nje anapuliza kinanda cha mdomo, na kule juu barazani yule mjane, Jaya, anapita taa moja baada ya nyingine anazipunguza mpaka zinazima. Hawaongei! Si neno hata moja. Anapuliza, anamtazama, anazima taa, basi. Na hawa walikuwa mke na mume kweli wakati picha inachezwa, walioana 1973, labda ndo maana yale macho hayana uongo. Watu wazima nyumbani kwetu ikifika hapo walikuwa wananyamaza wenyewe, hata yule shangazi yangu ambaye hanyamazi.

Na mtafsiri mwenye akili zake ikifika nyimbo ya Kihindi anakaa kimya, ndo mjue tatizo si kutafsiri, tatizo ni mtafsiri gani.

Msee_wa_Githurai:
Wasee wa Bongo niaje. Hii mada imenigusa juu mimi DJ Afro, yule mtafsiri wetu wa movi, ndo alinilea manze. Acha niwaambie ukweli wa huku Kenya, mtu akienda kununua movi kwa ile duka ya mtaa haulizi ni ya nani wala ameact nani, anauliza iko ya Afro? Kama haina Afro anarudisha. So unaposema anafunika muziki, buda, yeye ndo muziki. Ile sauti yake inavyopanda wakati starring anaingia kwa base ya maadui, vile anawapea majina ya mtaa, hakuna orchestra ya Hollywood itanifanyia hio kitu. Nimewahi ona movi moja ya Kihindi nikiwa na yeye nikacheka mpaka nikalia, alafu nikaitafuta orijino, ilikuwa imepoa kama ugali ya jana.

Na hata majirani wa Uganda walienda mbele zaidi, cheki Who Killed Captain Alex ya 2010, ya dairekta Nabwana kule Wakaliga. VJ Emmie, mtafsiri wao, anaongea juu ya movi yote, anapiga makelele, anatangaza movi ikiwa bado inaendelea, na hio ndo wazungu walipenda mpaka ikaenda mbali hivyo. Toa sauti ya Emmie uone kama kuna mtu atamaliza dakika kumi. So swali yako ya pili nimejibu.

Ngosha_Sabufa:
@Msee_wa_Githurai hiyo ya Wakaliga ni kesi nyingine mkuu, pale maneno ya VJ ni sehemu ya picha yenyewe na ndo inavyosambazwa. Mimi nasemea picha ambayo mtu kakaa mwaka mzima anatunga muziki wake, orchestra watu themanini wamekaa studio, halafu anakuja mtu na maiki anashusha sauti zote anaweka yake. Na @Bint_Makorora sijamdharau mama, shikamoo yake nampelekea. Ila hata mama angepata kusikia na ule muziki angefaidi zaidi.

Fundi_Maikrofoni:
Niingilie kidogo maana hii ndo kazi yangu, na naona mnagombana wakati shida ni ya kiufundi kwa asilimia kubwa.

Muvi inapotengenezwa, maongezi yanakaa peke yake, milio (milango, risasi, nyayo) peke yake, na muziki peke yake. Mwisho wa kazi vyote vinachanganywa. Studio kubwa huwa zinahifadhi toleo lenye muziki na milio tu bila maongezi, na hilo ndo wanampa mtu wa nchi nyingine anayetaka kuingiza sauti za lugha yake kihalali. Mnakumbuka ile tamthilia ya Kichina, Dou Dou na Mama Wakwe Zake, TBC waliirusha 2011? Ile iliingizwa sauti za Kiswahili rasmi, ndo maana muziki wake ulikuwa unasikika vizuri kabisa, Kiswahili kimekaa mahali pa Kichina tu na vingine vyote havijaguswa. Ukiangalia tamthilia za Kituruki za Kiswahili kule Azam ni kitu hichohicho. Midomo haiendani na maneno, sawa, lakini muziki upo.

Sasa mtafsiri wa mtaani hana hilo toleo na hatalipata. Yeye ana faili moja limeshachanganywa, sauti zote ziko pamoja kama maji na chumvi. Akitaka asikike inabidi ashushe kila kitu, na akishusha maongezi muziki unashuka nao. Wengi hawana hata kifaa cha kupandisha na kushusha chenyewe kila wanaponyamaza, wanashusha mara moja tangu mwanzo inabaki hivyohivyo saa mbili. Ongeza na wale wanaoweka biti zao wenyewe juu. Halafu faili linabanwa tena ili muvi ziingie nyingi kwenye flashi, na wewe nyumbani una sabufa umefungulia besi mpaka mwisho. Hapo hata Horner mwenyewe akifufuka hautambui wimbo wake.

Kitu ambacho mleta mada hujakisema ni kwamba hata orijino wana ugomvi huu. Interstellar ya 2014, watu kibao kule Marekani na Uingereza walilalamika kuwa muziki umefunika maongezi hawasikii wanaanga wanasema nini, na dairekta Nolan akawajibu ni makusudi. Hans Zimmer alirekodi kinanda kikubwa cha kanisani, Temple Church pale London, kile cha mabomba, unasikia kabisa upepo unapita. Ile sehemu ya kuunganisha chombo kinachozunguka, mimi nikitaka kupima spika za mteja naweka hiyo. Spika ya uongo inajulikana hapohapo, ile noti ya chini kabisa inageuka kukoroma.

Kipepeo_Mweusi:
Black Panther. Ile sauti ya mwanzoni wakiingia Wakanda ni Baaba Maal wa Senegal, na Ludwig Göransson alienda mwenyewe Senegal akazunguka naye kwenye ziara zake kabla ya kutunga, akarudi na ile ngoma inayosema, ile ya kubana kwapani. Akapata Oscar 2019. Nilikuwa sinema nikapata mzizimo mwili mzima. Sijui ya kutafsiriwa ikoje na sitaki kujua.

Mzee_wa_Empress:
Vijana hamjambo. Mnazungumza kana kwamba kabla ya watafsiri watu walikuwa hawaendi sinema. Sisi tuliokuwa tukienda Empress, Empire, Avalon pale mjini Dar, picha ya Kihindi ilikuwa inapigwa kwa Kihindi, hakuna mtafsiri wala nini. Nani alikuwa anakijua Kihindi? Wachache. Na ukumbi umejaa. Ukitoka pale wimbo unao mdomoni, maneno unayakosea lakini sauti unayo sawasawa, unaupiga mluzi mpaka Kariakoo. Ukitaka ushahidi nenda Mombasa waulize watu wazima kuhusu marehemu Juma Bhalo. Taarabu zake nyingi sauti ni za picha za Kihindi, yeye kaweka mashairi yake ya Kiswahili, na harusi zikanoga. Sasa kama muziki ule ulikuwa hausikiki yeye aliutoa wapi?

Ila mleta mada nawe usijifanye kuwa kila muziki wa picha ni kitu kitakatifu. Zile picha za karate za Shaw Brothers za Hong Kong mlizozipenda, muziki wake mwingi ulikuwa wa kununua tu, kuna makampuni Ulaya yanauza muziki uliokwisha kurekodiwa, ukitaka wa mapigano upo, ukitaka wa huzuni upo. Kwa hiyo unaweza kukuta mtu analipiza kisasi cha mwalimu wake na muziki uleule uko kwenye kipindi cha televisheni cha Uingereza. Na hatukujali. Tulirushiana mateke barabarani vilevile.

Na jambo la mtu kusimama kuelezea picha si letu peke yetu. Wajapani enzi za picha zisizo na sauti walikuwa nao, wanaitwa benshi, anasimama pembeni ya kitambaa, anasema maneno ya wachezaji wote, mwanamume, mwanamke, mtoto, na bendi inapiga humohumo ndani. Watu walikuwa wanachagua sinema kwa jina la benshi, kama huyu bwana wa Githurai anavyouliza DJ Afro. Kaka yake Akira Kurosawa alikuwa benshi. Zilipoingia picha zenye sauti, miaka ya 1930 ile, kazi ikawaishia. Ajabu ni kwamba huku kwetu mambo yameenda kinyume, picha zina sauti tayari na msimulizi ndo akazaliwa.

Msee_wa_Githurai:
Mzee heshima yako, hio ya Wajapani sikuijua kabisa. Bendi live na msee anaongea juu, si hio ndo DJ Afro mwenyewe sasa. @Ngosha_Sabufa umeskia?

Ngosha_Sabufa:
@Msee_wa_Githurai nimesikia, ila picha zao zilikuwa bubu mkuu. Hakuna alichokifunika.

Mama_Jua_Kali:
Mbona hamgusi za kwetu? Muvi za Bongo zile za kipindi cha CD, mtu kafiwa, analia kwenye kochi, mara unasikia Celine Dion kaingia. Kuna moja nilikuwa nayo, siitaji, ule wimbo wa Titanic umepigwa mzima, beti zote, steringi yuko jikoni anakatakata nyanya. Na ile piano ya huzuni ni moja, naamini kabisa kuna faili moja la piano linazunguka kwa maprodyuza wote wa Dar tangu enzi hizo. Sizoni za sasa zimebadilika lazima tukubali, siku hizi wanatunga wimbo maalumu wa tamthilia na unakuta mtoto wa darasa la pili anauimba njia nzima, lakini muziki wa katikati, ule wa nyuma ya maongezi, bado ni shida. Mtu anasema naomba chumvi kinanda kinalia JENG! nadhani kuna mtu kawekewa sumu, kumbe chumvi tu.

Fundi_Maikrofoni:
Hahaha @Mama_Jua_Kali hiyo JENG naijua faili lake kabisa, lipo kwenye kompyuta ya kila mtu. Kusema kweli ni bajeti. Mtunzi analetewa picha ishakatwa siku ya Alhamisi na inaruka Jumatatu, atatunga nini. Mtunzi Morricone kwa Once Upon a Time in the West ya 1968 muziki ulikuwa tayari kabla kamera haijawashwa, dairekta Sergio Leone akawa anaupiga palepale wachezaji wanatembea wakiusikia. Angalia yule mama anavyoshuka kwenye treni na kupita ndani ya stesheni, kamera inapanda juu na sauti ya mwanamke inapanda nayo, mguu kwa noti. Huwezi kupata hiyo kwa faili la kudaunlodi.

Bint_Makorora:
Narudi kwa Sholay, samahani nyie mnivumilie. Mnajua kampuni ya Polydor walitoa santuri ya maongezi ya Sholay? Si nyimbo, maongezi! Watu wakanunua wakawa wanamsikiliza yule adui Gabbar Singh nyumbani kama wanavyosikiliza wimbo. Kwa hiyo huyo Ngosha anayesema maneno yanaua muziki, kuna picha ambayo maneno yake yenyewe yaliuzwa kama muziki. Mimi nasema hivi, kuna picha za masikio na kuna picha za mdomo. Za mdomo mpe mtafsiri. Za masikio aziache.

Ngosha_Sabufa:
@Bint_Makorora hapo tunakaribiana. Sasa Commando ni ya mdomo au ya masikio?

Bint_Makorora:
Ya bunduki hiyo.

Toto_la_Ubungo:
Mi sizoni zote naruka ile intro, dakika nzima ya nini. Na sijali muziki. Ila No Country for Old Men niliona usiku peke yangu, ile haina muziki karibu mwanzo mwisho, yule adui anakaa dukani anamwambia mzee wa watu chagua upande wa sarafu na unasikia karatasi ya korosho inajikunjua yenyewe juu ya kaunta, kri kri kri. Niliogopa kuliko picha yoyote yenye violini. Hiyo mtafsiri akiigusa nitaenda kumtafuta.

Kipepeo_Mweusi:
@Toto_la_Ubungo unasema hujali muziki halafu unakumbuka mlio wa karatasi 😂

Toto_la_Ubungo:
Karatasi si muziki bana.

Mgeni_Mpya_Moro:
Wakuu samahani nimechelewa, mimi ndo kwanza niko sizoni ya pili ya Game of Thrones naangalia taratibu na mke wangu, naomba msituharibie utamu, nasoma uzi huu kuanzia chini kwenda juu.

Ngosha_Sabufa:
@Mgeni_Mpya_Moro mkuu simamia hapohapo ulipo. Usipande.

Msee_wa_Githurai:
Ama utafute ya kutafsiriwa, huko utaambiwa yote mapema bila stress.

Fundi_Maikrofoni:
@Bint_Makorora kabla sijasahau, kwa ajili ya mama. Ukipata muvi ambayo faili lake lina sauti njia sita, sita si mbili, maongezi mengi yanakaa njia ya katikati. Nitumie faili, naweza kuishusha hiyo ya katikati peke yake nikaweka sauti yako wewe unamsimulia, na muziki ukabaki pembeni haujaguswa sana. Haitakuwa safi kama ya televisheni lakini atasikia vyote viwili. Anza na ya Kihindi yenye maneno machache.

Bint_Makorora:
Sauti yangu mimi? Mama atasema nampigia kelele. Ila nakutumia, nicheki inboksi.